Nakhumicha wa Ndalu, Nyaruai wa Matisi

Maisha ya marehemu Lenah Nyaruai Nakhumicha, 1982–2009. Yasomwe na kaka yake, Hillary Barasa, nyumbani Ndalu, Jumamosi tarehe 19 Septemba 2009.

Baba Padre, Sista Chelangat na wenzako wa chuo, wazee wa ukoo, jamaa zetu wa Matisi, majirani wa Ndalu, poleni nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kuwasomea watu wasiotaka kunisikiliza. Leo naomba mnisikilize. Majina ya dada yangu yaliyo juu ya karatasi hii ni matatu, na yote ni yake. Kamati ya mazishi ilikuwa imeandika mawili tu, Lenah Nakhumicha, na ikayapeleka hivyo Kitale kwa mchapishaji. Nilienda mwenyewe Jumatano nikalirudisha lile la katikati. Sababu mtaijua nikiendelea, na mkishaijua huenda msinipende sana. Sawa tu.

Lenah alizaliwa Jumamosi tarehe 27 Machi 1982, Kitale, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Patrick Barasa Mukhwana, mkulima wa hapa Ndalu, na Mama Grace Wamboi, binti ya Mbugua na Nyaruai wa Matisi. Ilikuwa wiki ya kupanda mahindi, mvua imeshika, kwa hivyo upande wa baba jina halikuwa na mjadala: Nakhumicha. Lakini mtoto alilia. Alilia siku tatu. Kwetu Wabukusu mtoto akilia hivyo tunajua kuna mtu wetu aliyetangulia ambaye anataka kuitwa. Kukhu Nabwile, mama ya baba, alimpakata akamtajia marehemu wetu mmoja mmoja, na mtoto akazidi kulia. Mwishowe Mama akasema kutoka kitandani, "Jaribuni Nyaruai." Mtoto akanyamaza. Kukhu alishangaa mpaka akaweka mkono kinywani. "Nyaruai si ni mama yako? Si bado anakura ugari huko Matisi? Mtu mzima mwenye afya, mtoto anapewaje jina rake?" Mama akamweleza kwamba kwao Wakikuyu nyanya huitiwa mtoto angali hai, ili naye aone. Kukhu alifikiri kidogo, akasema, "Basi apewe. Bora anyamaze turare."

Shosho Nyaruai, nyanya yetu huyo wa Matisi, ana miaka themanini na sita sasa. Hakuna aliyedhani yeye ndiye angekuja kumzika mwenye jina lake.

Marehemu alikua akiwa na nyumba mbili. Muhula ulikuwa wa Ndalu, likizo nusu ilikuwa ya Matisi, kwa Shosho na kwa Mjomba Muturi, ndugu ya Mama, mwenye kinu cha kusaga unga. Hapa alichunga ng'ombe na kupalilia, kule alipima unga na kujibizana na wateja. Aliongea Kibukusu na Kikuyu, na katika lugha zote mbili watu walimcheka kidogo. Huku waliona Kibukusu chake kina Kikuyu ndani, kule waliona Kikuyu chake kinatoka Bungoma. Mimi nilikuwa mjanja, nilichagua upande mmoja mapema. Yeye hakuchagua, na alipokuwa mdogo jambo hilo lilimliza.

Kuna kisa kimoja cha utotoni ambacho lazima nikiseme. Agosti mwaka 1994 nilikuwa natahiriwa. Desturi yetu mnaijua, lakini kuna wageni hapa, kwa hivyo nitaieleza. Kabla ya siku yenyewe kijana huenda kwa mjomba wake, ndugu ya mama. Mjomba humchinjia fahali, kisha humvika shingoni ukanda mrefu wa nyama ya kifua, tunauita luliki, naye hurudi kwao akiwa ameuvaa ili kila mtu aone ana wajomba. Mjomba wangu ni Mkikuyu. Kwao hakuna kitu kama hicho. Lakini aliposikia kwamba inatakikana ng'ombe, alinunua fahali mkubwa, akaita mtu wa bucha kutoka sokoni Matisi, na tulipofika na kengele zetu na nyimbo zetu, tulikuta fahali amekwisha kukatwa vipande vya kilo moja moja. Steki huku, mbavu kule, kifua kimo ndani ya karai.

Wazee walichungulia karai. Mmoja akasema ni mkosi, turudi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, na kijana anayeenda kutahiriwa halii, lakini nilikuwa karibu. Lenah, wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa amefuata nyuma kubeba maji, alitua mtungi, akamwendea mjomba katikati ya watu wote, akamwambia kwa Kikuyu, "Mjomba, kifua hakikatwi. Kinavaliwa." Mjomba Muturi akaangalia karai, akaangalia shingo yangu. "Woi! Mbona hamkuniambia?" Lenah akasema, "Si wewe hukuuliza." Mjomba hakubishana. Alipanda baiskeli na aproni ya damu ikiwa kiunoni, na baada ya muda akarudi na jirani yake wakivuta fahali wa pili. Wazee wakasema maneno kwa Kibukusu, Lenah akayapeleka kwa Kikuyu, akionyesha kwa kidole pa kukata, huku Shosho akisimama mlangoni na kuuliza ni kanisa gani hili. Ukanda ule ulinifika magotini. Mjomba alinivika kwa mikono miwili, na wazee wa Ndalu walisema hawajawahi kuona luliki ndefu namna ile. Naomba mkumbuke kisa hiki, nitakirudia.

Lenah alisoma shule ya msingi hapa Ndalu akamaliza mwaka 1996, kisha shule ya wasichana ya masista huko Bungoma hadi mwaka 2000. Septemba 2002 alijiunga na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Anselmo, chuo cha Kikatoliki kilichoko nje kidogo ya mji wa Bungoma. Mimi na Baba ndio tulimpeleka na sanduku lake la bati na godoro. Katika usajili kulikuwa na fomu, na kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kabila. Alijaza kila kitu, hapo akapaacha. Karani akamwambia, "Dada, jaza hapo, foleni ni ndefu." Akasema, "Hapatoshi." Nilikuwa nyuma yake, nikamnong'oneza, "Andika Mbukusu twende, bana." Sista Chelangat, mlezi wa wanafunzi, alikuwa anapita, akachukua fomu, akaisoma, akamrudishia kalamu. "Nafasi ni ndogo kweli. Andika pembeni, mwanangu, karatasi bado iko na nafasi." Lenah aliandika pembeni, kutoka juu mpaka chini, jina la kila nyanya. Sista anasema fomu hiyo bado iko ofisini.

Msidhani kwamba chuoni mambo yalikuwa rahisi tangu hapo. Chuo hicho kila mwaka kina Siku ya Tamaduni. Wanafunzi hupanga meza uwanjani, kila jamii na chakula chake, nyimbo zake na mavazi yake, na baada ya Misa watu huzunguka wakionja. Mwaka wa kwanza Lenah alienda meza ya Wabukusu akafunga leso kiunoni apakue ugali wa wimbi. Msichana mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu si mamake ni wa Matisi, wale watu wa kinu?" Akaacha mwiko, akahamia meza ya Wakikuyu. Huko akasema maneno mawili na wao wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Alienda chumbani akajifunika blanketi, jua likiwa bado kali.

Aliyemkuta humo ni Rukia, mwenzake wa chumba, Mwislamu kutoka Mumias. Ndio, katika chuo cha Kikatoliki. Rukia alikuwa amezoea kuwa peke yake, mwezi wa Ramadhani alifunga bwalo zima likila, na Lenah ndiye alikuwa akimwekea chakula chake cha jioni akikifunika na sahani. Siku hiyo Rukia aliketi kitandani kwake, akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwambia maneno ambayo dada yangu aliyarudia kwangu mara nyingi: "Lenah, wewe una nyumba mbili na unalia kama mtu hana hata moja. Mimi hapa sina hata meza huko nje, na nimekula kwa meza zote." Rukia yuko nasi leo, na bado amefunga, Idd iko karibu. Wamama wa jikoni, tafadhali msimlazimishe chai.

Tangu siku hiyo dada yetu alianza kubadilika, polepole. Aliingia kwaya. Alijifunza Kikuyu kwa Shosho upya, akiandika maneno kwenye daftari, na Kibukusu kwa Kukhu Nabwile kabla hajafariki. Mwaka wa tatu, Machi 2005, Siku ya Tamaduni, alipanga meza yake mwenyewe. Alibandika karatasi ya manila iliyoandikwa NDALU NA MATISI. Juu ya meza palikuwa na mukimo wa Shosho, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja, na kando yake mboga ya murere iliyopikwa na Mama kwa magadi na maziwa, jinsi Kukhu alivyomfundisha akiwa bibi harusi. Watu walisema vitu hivyo haviendi pamoja. Walionja, wakarudi na sahani, na saa nane sufuria zilikuwa zimekwanguliwa. Baba alikula mara tatu. Walikuja wanafunzi ambao sisi hatukujua kwamba nao ni wa nyumba mbili: mmoja wa mama Mteso kutoka upande wa Suam, mwingine wa baba Mturkana, wakasimama nyuma ya meza ya Lenah wakisaidia kuosha vyombo. Dada yangu alicheka siku hiyo mpaka akashika mbavu.

Mimi pia nilikuwepo. Nilisimama kwa meza ya Wabukusu, mbali kidogo, nikila ugali na kuku. Sikula kwa meza ya dada yangu. Aliniona, akanipungia mwiko.

Alihitimu mwaka 2006 na shahada ya ualimu, na Sista Chelangat akamchukua ofisini kwake, asaidie kuwalea wanafunzi. Ndiyo kazi aliyoifanya mpaka mwisho. Novemba mwaka huo Baba alifariki. Nasema hili kwa sababu Baba angekuwa hai, hakuna mtu angemwambia Mama neno lolote katika boma hili. Wa kwanza kunyamaza ningekuwa mimi.

Wanafunzi waliporudi chuoni Februari 2008, baada ya yale ya uchaguzi yaliyotupata nchi nzima, walikuwa wanakaa bwaloni kikabila na hawasalimiani. Lenah hakuwahubiria. Alipanga zamu ya kupakua chakula, wawili wawili, wa huku na wa kule, mmoja ashike sufuria mwingine ashike upawa. Walipolalamika aliwaambia, "Mtu anayekushikia sufuria ya maharagwe moto lazima umwongeleshe. Utaungua." Wengi wao wako hapa leo, wamekuja na basi la chuo. Mambo hayo aliyafanya huko Bungoma. Hapa nyumbani kwake mambo yalikuwa tofauti, na aliyeyafanya yawe hivyo ni mimi.

Tarehe 3 Januari 2008 vijana watatu walipita barabarani hapo, wakauliza kwa sauti kama boma hili lina mtu wa nje. Mmoja nilimfundisha darasa la sita. Hawakuingia, hawakugusa kitu, hawakurudi tena. Lakini mimi nilishikwa na woga, na kwa woga huo nikamwambia Mama aende Matisi wiki mbili, mambo yatulie. Mama alikuwa ameishi katika boma hili miaka ishirini na minane. Hakubisha. Alifunga mfuko mmoja, akasimama mlangoni akauliza, "Na kuku?" Nikamwambia kuku nitawaangalia.

Wiki mbili zikawa miezi mitatu. Nchi ikatulia. Jumamosi tarehe 12 Aprili, Lenah alimleta Mama nyumbani, pamoja na Mjomba Muturi, na mfuko ule ule. Walinikuta nimeweka lango jipya la mabati na kufuli. Nilisimama ndani, wao nje. Nikasema, "Bado. Watu wataongea. Ngojeni kidogo." Lenah akaniuliza, "Watu gani, Hillary? Nitajie mmoja." Nikaangalia barabarani. Majirani walikuwa wametoka mashambani wamesimama na majembe, wakitazama, na nawaambieni ukweli, wengine wenu mlikuwa mmekuja kumpokea. Mama akamshika Lenah mkono. "Twende, Nyaruai. Usimgombanishe mtoto wangu na watu wake." Mjomba alinitazama, si usoni, shingoni, kisha akageuka akachukua ule mfuko.

Sikuwa na sababu yoyote baada ya hapo. Woga uliisha mwezi wa Mei. Aibu ndiyo ilibaki, na kila wiki iliyopita ilifanya kwenda Matisi kuwe kugumu zaidi. Nilijiambia Mama amezoea huko. Nilijiambia mambo mengi sana.

Marehemu alikuwa na mchumba, Bwana Ferdinand Wekoye, mkutubi wa chuo, kijana wa hapa hapa Bungoma ambaye mzazi yeyote angeshukuru kumpata. Mazungumzo ya mahari yalipangiwa Jumamosi tarehe 6 Desemba 2008, hapa, mbele ya Baba Mulongo, pacha wa marehemu baba yetu. Lenah alimuuliza Baba Mulongo swali moja: Mama ataketi wapi? Baba Mulongo akasema hayo ni ya Hillary, yeye ndiye mwenye boma. Lenah akanipigia simu. Nilimjibu vibaya, nikamwambia asituletee elimu ya masista. Akasema kwa upole, "Sawa. Lakini ng'ombe wa mahari hawatapita lango ambalo Mama hapiti." Tarehe ikapita. Wekoye, shemeji yangu, maana nitakuita hivyo hata kama sikukupa nafasi ya kuwa hivyo, ulimngoja bila kunung'unika na hukuwahi kunitukana. Ningependa ungenitukana.

Februari 2009 Lenah alianza kuvimba miguu. Walidhani ni uchovu. Vipimo vya Kitale, kisha vya Eldoret, vilionyesha kwamba figo zote mbili zimeshindwa. Akawa anaenda kwa mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki, na Mama ndiye aliyempeleka na kumrudisha, akilala kwenye kiti kando ya kitanda chake. Wanafunzi walichanga, chuo kilisaidia, Mjomba aliuza kinu. Mimi nilienda kumwona mara tatu kwa miezi saba.

Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi tarehe 29 Agosti. Alikuwa amekonda, mikono imebaki mifupa, lakini macho ni yale ya kunipungia mwiko. Aliniambia, "Nikifa mnizike Ndalu." Nilishangaa. Nilidhani angetaka Matisi, kwa watu waliomfungulia mlango. Nikamwambia asiseme mambo ya kufa. Akasema, "Mama hatakataa kuja kwa kaburi langu. Na wewe siku hiyo hutaweza kufunga." Kisha akacheka, jamani, alicheka. "Nimekuongelesha mwaka mzima na mdomo haujafanya kazi. Wacha nijaribu hii. Na uniite jina langu lote, usiache la shosho." Nilimwahidi nikiwa nimeangalia dirisha.

Nilipotoka nilimkuta Mama kwenye korido, amebeba beseni la nguo za mgonjwa. Tulikuwa hatujaongea kwa miezi. Nilikuwa na maneno, nimeyapanga tangu Kitale. Nikasema, "Mama, habari." Akatua beseni, akajipangusa mikono, akaniuliza, "Kuku wako aje?"

Nikamwambia wako sawa.

Lenah alifariki Ijumaa tarehe 11 Septemba 2009, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na miaka ishirini na saba. Mama alikuwa upande mmoja na rozari, Rukia upande wa pili na dua zake. Sista anasema walimsindikiza kila mmoja kwa maneno yake, na hakuna aliyemkatiza mwenzake.

Naandika haya Alhamisi tarehe 17, kesho yanachapishwa. Baba Mulongo ameyasoma, akayapiga mistari ya kalamu pale penye lango. Akaniambia mambo ya ndani hayasomwi mbele za watu. Nikamjibu kwa heshima kwamba lango lilikuwa barabarani na kila mtu aliliona. Nimeomba yachapishwe yote, ili Jumamosi sauti ikinikwama, mtu mwingine aokote karatasi asome. Jana nililing'oa lango lenyewe. Baba Mulongo akasema, "Hillary, ng'ombe watatoka." Nikasema watoke. Mabati yako nyuma ya ghala, anayeyahitaji ayachukue.

Nilimpigia Mama simu nikamwambia hakuna lango. Akasema, "Nitakuja. Nitaketi hema la wageni pamoja na watu wa Matisi. Sitaki shida." Nilijaribu kumwambia neno, simu ikawa imekatika, au yeye ndiye aliyekata. Mama mzazi, kuketi hema la wageni katika matanga ya mtoto wake, katika boma alilolijenga kwa mikono yake. Kazi hiyo ni yangu, na siwezi kumwachia mtu mwingine aibu yake.

Dada yetu ameacha nyanya yake na mwenye jina lake, Shosho Nyaruai. Ameacha mchumba, Ferdinand Wekoye. Ameacha mjomba, Muturi wa Mbugua, na baba mdogo, Mzee Mulongo. Ameacha kaka mmoja, mimi, pamoja na mke wangu Nekesa na watoto wetu wawili, ambao aliwafundisha kuhesabu kwa Kikuyu kwa simu mimi nisijue. Ameacha rafiki yake Rukia, Sista Chelangat, wafanyakazi wa Mtakatifu Anselmo, na wanafunzi wa meza yake, ambao sijui idadi yao.

Limebaki jina moja, sijalisahau. Hilo sitalisomea kwenye kipaza sauti. Nikifika hapa nitaweka karatasi chini, nitaenda mpaka hema la wageni nimchukue Grace Wamboi binti Mbugua, mama yetu. Kile kiti chake cha mbao cha jikoni kilikuwa ghalani tangu siku aliyoondoka. Nimekiosha, nimekiweka kichwani pa jeneza, na wamama wa boma hili wameacha nafasi pande zote mbili. Mjomba Muturi, nakuomba utembee naye, maana akija na mimi peke yangu huenda asiamini. Ile nyama uliyonivika bado iko shingoni mwangu. Nilikuwa nimeivaa nilipokufungia.

Kwaya, nikikawia mwimbe, ila wimbo wa kuaga bado. Mngojeni aketi kwanza.

Lenah Nyaruai Nakhumicha, nimekuita lote. Upumzike kwa amani, dada, umefungua. Na wewe Mama, nilikudanganya pale hospitalini. Kuku walikwisha wote. Ingia nyumbani.